Kura ya Laini Mbili

Katika miaka ile simu ilipokuwa na tundu moja tu la laini, rafiki yangu Sadalla, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ya kusimama Tongoni, njiani kati ya Tanga na Pangani. Alitoka Chumbageni, Tanga mjini, kwa pikipiki yake baada ya adhuhuri, akifika Tongoni aliiegesha karibu na msikiti, akatawadha, akangoja alasiri akasali, kisha akaketi barazani na kufungua mgongo wa simu. Alitoa betri, akachomoa laini ya Tanga, akaitia katika kikopo cha ugoro ambacho hakikuwahi kuona ugoro, akapachika laini ya Pangani mahali pake. Kuanzia hapo alikuwa mume wa Wanu. Wiki ilipokwisha alirudi kwa barabara ile ile, akasimama mahali pale pale, akafanya kinyume chake, akawa mume wa Mwamvua.

Siku moja nilifuatana naye, nikamwuliza kwa nini asibadilishe laini nyumbani kama watu wengine.

"Nyumbani kwa nani?" alinijibu. "Nikiitoa Chumbageni, Mwamvua ataona ninamtoa yeye. Nikiitoa Pangani, Wanu ataona nimeingia na mwenzake mfukoni. Hapa ni katikati."

"Tongoni si katikati. Ni karibu zaidi na Tanga."

"Kwa maili, ndiyo," alisema, akarudisha betri.

Nieleze jambo hili kwa ajili ya wale ambao simu zao leo hujichagulia mambo zenyewe. Wakati huo mnara wa kampuni moja ulisikika vizuri Tanga mjini, na ukifika minazi ya kuelekea kusini ulinyamaza. Mnara wa kampuni ya pili ulisimama Pangani, na mjini ulikuja na kuondoka upendavyo. Kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikuwa ghali, na watu hawakufanya hivyo ila kwa msiba. Kwa hiyo Mwamvua alikuwa na laini ya kampuni ya Tanga, Wanu alikuwa na ya kampuni ya Pangani, na Sadalla alikuwa nazo zote mbili, kila moja kwa zamu yake. Mke ambaye wiki haikuwa yake hakupiga, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kupiga. Simu yenyewe ililinda haki, na hakuna aliyelazimika kuizungumza.

Mimi na Sadalla tulilelewa na shule moja ya bweni huko juu milimani, shule ya kengele, ya maji baridi, na ya kaptura zilizonyooshwa kwa kulaliwa chini ya godoro. Mimi nilikuwa kiranja mkuu. Yeye alikuwa mgawaji wa meza yetu. Sheria ya mezani ilikuwa kwamba anayegawa huchukua sahani ya mwisho, na sijapata kuona sahani ya mwisho iliyolingana na ya kwanza kama ile ya Sadalla. Hatukufundishwa kuomba upendeleo wala kutoa upendeleo. Najivunia malezi hayo, na sioni sababu ya kujificha.

Serikali ilimtambua mapema, ikampa kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo. Alizunguka na jiwe lake la kilo na muhuri wake, soko kwa soko, kutoka mpakani mwa Kenya hadi ng'ambo ya mto Pangani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba mbili: ya Mwamvua, mwalimu wa elimu ya watu wazima, pale Chumbageni, na miaka michache baadaye ya Wanu, binti wa mkulima wa karafuu wa Pemba, aliyekuwa akiishi na shangazi yake Pangani.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Uganda, maduka yalibaki na rafu na wauzaji tu. Sukari, betri za redio, hata kitambaa cha sanda, vyote vilipatikana kwa foleni na kwa kibali. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kumshukuru Mungu. Nilimwona Sadalla kwa macho yangu akirudi na mche mmoja wa sabuni, akiupima kwa rula, kisha akiukata kwa uzi wa kushonea ili kisu kisimege hata chembe: nusu Chumbageni, nusu Pangani. Alipopata doti moja ya kanga aliitenga katikati, na wanawake hao wawili, waliokuwa wakionana misibani tu, kila mmoja upande wake wa chumba, walijifunga kanga yenye maneno yale yale. Hakuna aliyenung'unika. Nikiikumbuka miaka hiyo, sikumbuki njaa kwanza. Nakumbuka uzi ule ukipita ndani ya sabuni, na wanaume wazima wawili tukishikilia pumzi.

Kisha mlango wa biashara ukafunguliwa. Bidhaa ziliingia, na pamoja na bidhaa iliingia mizani ya kila aina, ya plastiki, ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa, isiyo na muhuri wa mtu yeyote. Sadalla alipopunguzwa kazini, wakati wakubwa walipoamua kwamba serikali ina watu wengi mno, sokoni pale Tanga kulikuwa na mizani nyingi kuliko macho ya wakaguzi waliobaki. Alifungua duka dogo la misumari na saruji, akaendelea kupima nyumbani kwake.

Mwaka ule serikali ilipoamuru kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe, minara ya kampuni zote mbili ikiwa imekwisha kusikika pwani nzima na visiwani, Samira, binti wa Sadalla na Mwamvua, alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na simu ya Kichina yenye matundu mawili.

"Baba," alimwambia, "sasa laini zote zinakaa humu humu. Huna haja tena ya kusimama njiani."

Alidhani amempunguzia baba yake usumbufu. Sadalla aliipokea kwa mikono miwili, akambariki, na kuanzia wiki hiyo pikipiki yake ilipita Tongoni bila kupunguza mwendo.

Haikupita miezi mingi, Mwamvua akaja nyumbani kwangu. Lazima niseme kwamba masikio yake yalikuwa yameanza kufa zamani. La kulia lilikwenda na homa ya utotoni, la kushoto likalifuata taratibu. Kwa hiyo alizungumza kwa sauti inayofika barabarani, na alikuwa na ustadi wa kuitazama midomo ya mtu.

"Shemeji," alisema, "sisikii, lakini macho ninayo. Ikifika magharibi simu inawaka. Anainuka mkekani, anatoka uani. Akirudi chai imepoa, na yeye mwenyewe amepoa."

"Pengine ni biashara."

"Biashara gani inayomfanya mzee mzima anyooshe kofia kabla ya kupokea?"

Nilimsogezea kikombe cha kahawa.

"Ni Wanu," aliendelea. "Simlaumu. Mlango ukiachwa wazi mtu atapita. Lakini wiki yangu ni yangu. Miaka yote hii sikuomba kitu cha ziada. Zamu yangu inaliwa, shemeji, na wewe ndiye kiranja wake. Mwambie."

Madai yalikuwa ya haki. Nilimwita Sadalla, tukaketi sebuleni kwangu na kijitabu cha maelekezo. Kila programu iliyokuwamo ndani ya simu ile ilitaka kujua jambo moja: itumie laini ipi. Kwa kupiga na kupokea, laini ya kwanza, laini ya pili, au uliza kila mara. Kwa ujumbe wa maandishi, laini ya kwanza, laini ya pili, au uliza kila mara.

"Laini moja ibebe sauti tu," alisema Sadalla baada ya kufikiri sana, "na nyingine ibebe maandishi tu. Maandishi hayana kelele. Mtu atayasoma kwa wakati wake, na hakuna zamu itakayoliwa."

"Na hii ya kuuliza kila mara?"

"Unaionaje wewe?"

"Ni ya mtu asiye na msimamo," nilisema.

Tuliivuka. Likabaki swali la nani apate sauti na nani apate maandishi. Sadalla alivua kofia yake ya kazi ya mkono akaiweka mezani, akaitazama.

"Nikichagua mimi, nimependelea," alisema.

"Basi usichague. Mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja hufanya nini?"

"Hupiga kura."

"Na hii ni nini, kama si safari?"

Tuliandika vikaratasi viwili, tukavikunja, tukavitia ndani ya kofia. Yeye aligeuza uso ukutani. Nilichomoa mimi. Sauti ilikwenda kwa Mwamvua. Maandishi yakaenda kwa Wanu.

Sadalla alivishika vikaratasi vile kwa muda mrefu.

"Kiranja," alisema taratibu, "Mwamvua hasikii."

"Najua."

"Na Wanu amesoma chuoni kwao Pemba. Anasoma msahafu, anaandika kwa herufi za Kiarabu vizuri kuliko mimi. Hizi za simu hazijui hata moja."

"Hilo nalo najua. Unataka tupige tena mpaka kura ikupendeze?"

Alifikiri. Nilimwona yule mgawaji wa meza akipigana na mume wa watu wawili, na mgawaji akashinda.

"Hapana," alisema. "Kura ni kura."

Kura ile ilikuwa halali, na nasema hivyo mpaka leo. Mtu anayeikubali kura baada ya kuona imeangukia wapi, hakuikubali kura. Siku ile ile tulifunga mlango wa sauti wa laini ya Pangani na mlango wa maandishi wa laini ya Tanga. Sadalla alikwenda kuwaarifu wakeze, kila mmoja kwa zamu yake, na wote wawili, kwa heshima waliyokuwa nayo kwa neno lake, walikubali.

Ikawa Sadalla akiwa Pangani humpigia Mwamvua kila alasiri, kama kura ilivyompa. Alisimama ukumbini kwa Wanu, kidole kimoja sikioni, akipiga kelele.

"Suruali, Mwamvua! Ya kijivu! Ipeleke kwa fundi!"

Chumbageni, Mwamvua naye alisimama barazani akijibu kwa nguvu zake zote: "Paza! Nasema paza sauti! Nini ya kijivu?" Watu waliotoka msikitini walisimama kusikiliza. Kule Pangani, mabaharia wa kivuko walimpokea Sadalla kila alipopita: "Mzee, suruali imefika kwa fundi?" Naye aliwajibu kwa utulivu kwamba imefika, akapita.

Upande wa Wanu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiyacheka isipokuwa watu wengine. Ujumbe ulipoingia, alijitanda, akavuka njia mpaka kwa jirani yake Kijakazi, aliyekuwa akipika maandazi mlangoni kwake. Kijakazi alijifuta mikono, akaishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti mbele ya wateja.

"'Wanu, salamu. Nimefika salama. Nakutakia afya njema.' Basi."

"Basi?"

"Basi. Mwanamume kamili, hata neno tamu moja hana. Nikuongezee?"

"Soma ulichokiona."

"Nimekisoma, kimekwisha. Hapa mwisho kuna nukta. Pengine alitaka kusema kitu akaona haya."

Wateja walicheka. Sadalla alipojua kwamba maneno yake yanapita katika kikaango cha Kijakazi, alizidi kuyakausha, mpaka ujumbe wake ukafanana na taarifa ya ukaguzi. Na kadiri alivyoyakausha ndivyo Kijakazi alivyozidi kuyaonea huruma na kuyatia viungo vyake mwenyewe, hata Wanu akawa hajui lipi la mumewe na lipi la jirani.

Aliyavumilia hayo kwa muda. Kisha, mwisho wa zamu moja, Sadalla akiwa anafunga mzigo nyuma ya pikipiki, Wanu alitoka mlangoni. Maneno yaliyopita kati yao Sadalla alinisimulia mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu hakuweza kuyaacha.

"Mie nakwenda Pemba, kwa kaka yangu Shaib."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijazihesabu."

"Nimekukosea nini, Wanu? Kila kitu nimekigawa sawa."

"Umegawa sawa, mie sijasema hukugawa. Lakini mume wangu namsikia kwa mdomo wa Kijakazi, na mie sikuolewa na Kijakazi." Aliushika usukani wa pikipiki asiweze kuondoka. "Ukitaka nirudi, utaniita mwenyewe, kwa sauti yako. Kuniandikia usiniandikie. Na kama hukuniita, nitajua kwamba umeniacha, ila umeona tabu kulitamka."

Sadalla alikuja kwangu moja kwa moja, na vumbi la njia likiwa bado usoni mwake.

"Nikifungua sauti ya laini ya Pangani," alisema, "nimemwibia Mwamvua kilicho chake kwa kura. Nisipoifungua, Wanu hatarudi."

"Kura ni kura. Unajua linalopasa kufanywa."

"Najua. Ndilo linaloniua."

Nilitamani kumpa jibu jingine. Nilitazama kila upande wa jambo lile, kama nilivyofundishwa, na kila upande ulikuwa na mtu anayedhulumiwa.

Boti ya Pemba iliondokea bandari ya Tanga. Wanu hakuwa mtu wa kupita mji wenye mke mwenzake akaingia baharini bila kuombana radhi. Hivyo ndivyo walivyolelewa watu wa upande ule. Asubuhi ya safari mimi na Sadalla tulikuwa tumeketi barazani Chumbageni tulipomwona akija na buibui lake na begi dogo, peke yake. Katika miaka yote ile hakuwahi kukivuka kizingiti kile. Alitupa salamu kwa adabu, akasimama mlangoni.

"Hodi."

Mwamvua hakusikia, lakini aliona kivuli. Alikuja, akamtazama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pita ndani. Hapo mlangoni sitakusikia."

Alimketisha kwenye mkeka, upande wa sikio la kushoto. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu, na Mwamvua, kama nilivyosema, hakuwa na sauti ya chini. Wanu naye ilimlazimu kupaza yake.

"Sikai, dada, boti inaondoka. Nimekuja kuomba radhi. Bahari mtu hajui. Kama nilikula zamu yako kwa ile simu, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kura. Unakwenda wapi na begi?"

"Kwetu."

"Kwa nini?"

Wanu alimweleza: ujumbe, maandazi, wateja, nukta. Mwamvua alimsikiliza akiitazama midomo yake. Alipomaliza, tukasikia Mwamvua akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyejizuia siku nyingi.

"Na mimi je? Sauti nimepewa mimi! Mimi, niliyekaa na mwadhini ukuta kwa ukuta nisimsikie! Mtaa mzima unajua habari za suruali ya kijivu, isipokuwa mimi."

"Nilizisikia mie zote, dada. Alikuwa akipiga kelele kando yangu. Nilitamani niichukue simu nikujibie."

Wakacheka pamoja. Sadalla alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama barabara.

"Shemeji!" Mwamvua aliita. "Wewe uliyechomoa kura, njoo hapa. Na huyo mwenzako aje."

Tuliingia kama wanafunzi walioitwa ofisini.

"Kura ilinipa sauti?"

"Ilikupa."

"Ni haki yangu?"

"Ni haki yako."

"Mwanamke mwenye haki yake anaweza kumwachia mwenzake?"

Mke huweza kumwachia mwenzake hata siku yake. Jambo hilo lilipita katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na kila aliyekaa chuoni kwetu pwani amelisoma. Kura huzuia mume kupendelea. Haijapata kumzuia mke kutoa.

"Anaweza," nilisema, "ikiwa mume ameridhia."

"Ameridhia," alisema Mwamvua, bila hata kumgeukia mumewe. "Basi sauti namwachia Wanu. Na wewe, mdogo wangu?"

"Maandishi chukua yote, dada. Chukua na nukta zake."

"Lakini kura," alianza Sadalla.

"Kura imekwisha kufanya kazi yake," nilimwambia. "Vaa miwani."

Alivaa miwani. Pale pale mkekani, wakeze wawili wakimtazama mmoja huku na mmoja huku, aliingia katika mipangilio ya simu akaibadilisha: kupiga na kupokea, laini ya Pangani, ujumbe, laini ya Tanga. Mwamvua aliweka sharti moja. Katika wiki zake, Sadalla ampigie Wanu baada ya alasiri, wakati yeye amekaa na uradi wake. "Muda huo nazungumza na Mola wangu," alisema, "sina haja naye."

Mimi nilidhani mambo yamekwisha, na nadhani Sadalla naye alidhani hivyo, kwa maana aliinama kulichukua begi alirudishe ndani. Wanu aliliwahi.

"Boti yangu inaningoja."

"Bado unakwenda?" Mwamvua alimwuliza.

"Nilisema aniite kwa sauti yake, dada. Hajaniita. Mlango umefunguliwa, lakini hapana aliyepita."

Alimbusu Mwamvua mkono, akatuaga, akashuka kuelekea bandarini. Sadalla alibaki amesimama ukumbini na simu yake mkononi, kila kitu kikiwa kimepangwa sawasawa ndani yake.

Kesho yake, baada ya alasiri, aliniomba nikae naye. Sikumwuliza kwa nini. Mwamvua alikuwa kwenye mswala, tasbihi mkononi. Sadalla alinyoosha kofia, akabonyeza, na kwa kutoizoea simu akaifanya isikike chumba kizima.

"Naam," ilisema sauti ya Wanu.

"Wanu. Ni mimi."

"Nakusikia."

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Bahari ilikuwaje?"

"Shwari."

"Shaib hajambo?"

"Hajambo. Hayo ungeweza kuniandikia."

Sadalla alinitazama. Nilitazama ukuta. Nimeongoza mabweni, nimeongoza ofisi, lakini sijawahi kumfundisha mtu maneno ya namna hiyo, na shule yetu, pamoja na sifa zake zote, haikuyafundisha. Alikohoa.

"Wanu," alisema, na sauti yake ikawa ndogo ghafla, si ile ya suruali ya kijivu. "Nyumba ile bila wewe siiwezi. Rudi."

Jogoo wa huko Pemba aliwika.

"Nimesikia," alisema Wanu. "Boti inarudi Alhamisi. Utakuja kunipokea?"

Alhamisi ilikuwa ndani ya wiki ya Mwamvua. Niliuona uso wa Sadalla ukibadilika, nikajua kwamba jiwe la kilo limewekwa tena kwenye sahani.

"Alhamisi," alisema, "si wiki yako, Wanu."

"Haya. Fikiri kwanza. Ukishafikiri, unipigie."

Simu ilikatika. Sadalla aliishika kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Sikumsaidia, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli, na kweli huwa siipingi.

Ndipo simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe ulikuwa umeingia kwa laini ya Tanga. Alivaa miwani akasoma, kisha akanipa nisome.

*Nimeiona midomo yako. Nenda kampokee. Mlete ale hapa kwanza, ndipo umpeleke kwake. Siku yangu utanilipa, na nitakuwa nikikukumbusha.*

Tuligeuka wote wawili. Mwamvua alikuwa pale pale kwenye mswala, hatua chache kutoka kwetu, tasbihi ikiendelea kuzunguka katika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya kanga.

Sadalla alibonyeza namba ya Pemba. Wanu hakuwahi hata kusema naam.

"Nitakuja Alhamisi," alisema. "Nitasimama mbele ya watu wote, unione kabla hujashuka."

"Sema tena," alisema Wanu, na ilisikika kwamba anacheka. "Shaib hakusikia. Kaka, njoo usikie. Sema tena."

Alisema tena. Alilisema kwa sauti kubwa, na mara ya tatu bila kuombwa. Alipokata simu jasho lilikuwa likimtoka chini ya kofia.

"Amesemaje?" Mwamvua aliuliza kutoka kwenye mswala, na bila shaka watu wawili watatu barabarani waligeuza shingo.

Sadalla alifungua kinywa kupiga kelele, kama alivyozoea miezi yote ile. Kisha akakifunga. Aliinama juu ya simu, akaanza kumwandikia, herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Mwamvua aliweka tasbihi chini, akatoa simu yake ndani ya kanga, akaiweka juu ya goti na kungoja.